Boltzmann: Msomi aliyezitetea chembe zisizoonekana

PROFESA Ludwig Boltzmann alipojitoa uhai mnamo Septemba 5, 1906, katika kijiji cha Duino karibu na Trieste, alikuwa ametumia takriban miaka 40 kutetea wazo moja: kwamba kila kitu duniani kimeundwa kwa chembe ndogo mno ambazo hazitulii. Baadhi ya wasomi mashuhuri wa enzi hizo walilipinga wazo hilo hadharani, na wachache miongoni mwao hawakukubali kushindwa.

Boltzmann alizaliwa jijini Vienna, Austria, Februari 20, 1844, akiwa mwana wa afisa wa kodi. Baba yake alifariki kijana huyo akiwa na umri wa miaka 15. Hata hivyo, masomo yake hayakukwama, kwani alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1866 na kufikia 1869 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Graz.

Huko ndiko alikokutana na Henriette von Aigentler, msichana aliyenyimwa ruhusa ya kuhudhuria mihadhara kwa sababu ya jinsia yake. Boltzmann alimshauri akate rufaa, naye akafaulu. Wawili hao walioana mwaka wa 1876 wakajaliwa watoto watano.

Fundisho lake lilikuwa hili. Katika kitu yabisi kama vile jiwe, chembe zimeshikana imara na hutetemeka tu mahali pake. Katika kiowevu, chembe huteleza na kupishana. Katika gesi, zimeachana kabisa na hupaa kila upande zikigongana. Joto nalo ni mwendo wa chembe hizo. Kadiri kitu kinavyopashwa moto, ndivyo chembe zake zinavyozidi kwenda kasi.

Akiendeleza kazi ya Mskoti James Clerk Maxwell, alionyesha kwa hesabu kwamba chembe hazina kasi sawa. Nyingi huwa na kasi ya wastani, chache huzubaa na chache huenda mbio kupindukia. Hizo za mbio ndizo huponyoka kwanza, na ndiyo sababu nguo iliyoanikwa hukauka ingawa maji yake hayajachemka.

Anayeishi Iguhu, Kaunti ya Kakamega, anaweza kuuona ukweli huo kwenye sufuria ya chai. Iguhu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina chembe chache kuliko ile ya Mombasa, hivyo maji hayakandamizwi sana. Kwa hiyo huchemka yafikapo karibu nyuzijoto 95 badala ya 100, na maharagwe huchelewa kuiva.

Kuna mfano mwingine ulio na hatari ndani yake. Eneo la Kakamega limejulikana kwa dhahabu tangu miaka ya 1930, na katika Ikolomani, iliko Iguhu, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kunasa vipande vya dhahabu kutoka kwa mchanga. Donge linalopatikana hutiwa motoni. Zebaki huchemka kwa nyuzijoto 357 na kutoweka kama gesi, huku dhahabu, isiyoyeyuka hadi nyuzijoto 1,064, ikibaki. Gesi hiyo haionekani wala haina harufu, lakini ikivutwa hudhuru ubongo, neva na figo. Hata kabla ya moto kuwashwa, chembe zenye kasi huwa tayari zinatoka katika chombo kilichoachwa wazi.

Kutoonekana kwa chembe ndiko kulikokuwa kiini cha mzozo wa Boltzmann na wenzake. Ernst Mach, aliyefundisha pia Vienna, alishikilia kwamba sayansi haifai kujengwa juu ya vitu ambavyo hakuna aliyeviona. Wilhelm Ostwald, mwanakemia wa Leipzig, aliamini kwamba nishati pekee inatosha kueleza kila jambo. Mwaka wa 1895, katika mkutano mjini Lübeck, Boltzmann alimkabili Ostwald ana kwa ana.

Mabishano hayo yalimpata akiwa na majonzi mengine. Mwanawe wa kiume, Ludwig, alifariki mwaka wa 1889 akiwa bado mtoto. Alihamahama kati ya Graz, Munich, Vienna na Leipzig, huku afya yake ikizorota na huzuni kubwa ikimwandama. Hata hivyo aliendelea kufundisha, na miongoni mwa wanafunzi wake wa mwisho alikuwa Lise Meitner, ambaye baadaye alisaidia kueleza jinsi kiini cha atomu kinavyopasuka.

La kusikitisha ni kwamba ushahidi ulikuwa njiani. Mnamo 1905, Albert Einstein alieleza kwamba punje ndogo zinazoonekana kwa hadubini zikitikisika majini husukumwa na chembe za maji. Kuanzia 1908, Mfaransa Jean Perrin alilithibitisha hilo kwa vipimo, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1926. Ostwald mwenyewe alikiri mwaka wa 1909 kwamba chembe zipo.

Boltzmann hakuishi kuyashuhudia hayo. Juu ya kaburi lake jijini Vienna ilichongwa kanuni inayohusisha mpangilio wa chembe na hali ya kitu kizima. Leo kanuni hiyo hufunzwa katika vyuo vikuu kote duniani.