Mark Twain: mtukutu wa Hannibal aliyemcheka bwana wa Lado

Mwaka 1905, mtu aliyetoka Logiri na mzigo wake kichwani akaelekea magharibi, upande ambao leo ni Aru na Ariwara, hakuvuka nchi. Hapakuwa na kizuizi cha Vurra wala afisa wa ushuru. Huku na kule bwana alikuwa mmoja, Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Kongo yote ilikuwa mali yake binafsi. Eneo la Lado, lililofuata ukingo wa magharibi wa Nile na kuzishika Arua na Koboko za leo, alikodishiwa na Waingereza mwaka 1894 kwa muda wote atakaokuwa hai.

Mwaka huohuo, mjini Boston, Marekani, kilichapishwa kijitabu chembamba kilichouzwa senti 25. Kilimchukua mfalme huyo, kikamweka peke yake chumbani, kikamwacha abwabwaje mpaka ajiumbue mwenyewe. Mwandishi wake, mzee wa karibu miaka 70, hakuwahi kufika kwenye nchi hizi. Alikuwa mchekeshaji mashuhuri kuliko wote Marekani, na dunia ilimjua kwa jina la Mark Twain.

Jina la nyumbani lilikuwa Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika kijiji kiitwacho Florida, jimbo la Missouri, na mwaka 1839 familia ikahamia Hannibal, mji mdogo ulio ukingoni mwa mto Mississippi. Baba yake, John Marshall Clemens, alikuwa hakimu wa mji, mtu mkali asiyecheka, ambaye kila biashara aliyoigusa ilimfia mkononi. Ucheshi wa nyumba ile ulikuwa wa mama, Bi Jane.

Hannibal haikuwa na jambo kubwa. Mji ulisinzia mpaka meli ya mvuke ilipoonekana kwenye kona ya mto. Hapo wachukuzi, wenye mikokoteni, mbwa na watoto wote walikimbilia gatini, na baada ya dakika chache meli ikiondoka kila mtu alirudi kusinzia. Wanaoishi kwa kusubiri malori ya usiku kule Oraba wanaijua hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

Mtoto Sam alikuwa mgonjwa mgonjwa tangu kuzaliwa, na mama yake aliamini kila dawa ya chupa iliyopita mjini. Mojawapo iliitwa Pain-Killer, kali kama pilipili, ya kunywa na ya kupaka. Sam alichoka kuinywa, siku moja akamnywesha paka wa nyumbani aliyeitwa Peter. Paka aliruka juu, akazunguka chumba, akapindua kila kilichokuwa njiani, kisha akatokea dirishani pamoja na vyungu vya maua, huku Bi Jane akimwangalia juu ya miwani kwa mshangao. Uzeeni Clemens alikiri kwamba haikuwa haki kumfanyia paka vile.

Surua ilipoingia mjini ikaanza kuua watoto, Sam hakuweza kuvumilia kungoja zamu yake. Kila siku aliamka akijikagua, na hofu ikawa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Akaamua kumaliza shauri: akapenya nyumbani kwa rafiki yake Will Bowen aliyekuwa hoi kwa surua, akapanda kitandani mwake. Akafukuzwa, akarudi tena. Aliipata surua aliyoitaka, na karibu imuue. Alichokumbuka zaidi ni kwamba ndugu zake wote walikizunguka kitanda wakilia kwa ajili yake, na kwamba jambo hilo lilimpendeza sana.

Kuna kisa cha tikiti maji alichopenda kukisimulia jukwaani, na wenye meza za matunda wataamua wenyewe kama kinaaminika. Aliiba tikiti kwenye gari la mkulima, akalipeleka kwenye yadi ya mbao, akalipasua akakuta ni bichi. Dhamiri ikamsuta. Akalibeba, akarudi kwa mkulima na, badala ya kuomba radhi, akamgombeza kwa kuwauzia watu mali mbovu, akamtaka alibadilishe. Mkulima aliona haya, akampa lililoiva. Kama ni kweli, basi yule mkulima ndiye mfanyabiashara mwaminifu kuliko wote waliopata kupita Hannibal.

Kisa kingine kina ushahidi wa nyumbani. Sam alikuwa na miaka kama 14 pale alipofika mjini mtu wa maonyesho aliyedai kwamba anaweza kuwalaza watu, kisha wakatenda lolote analoamuru. Usiku wa kwanza kijana mmoja mchapaji alilala, mji ukamshangilia. Sam alijaribu siku tatu, akakodoa macho, wala hakusikia usingizi. Wivu ukamzidi. Usiku wa nne akajifanya amelala. Akakimbiza nyoka wasiokuwapo, akafanya kila alichoambiwa. Watu walimchoma pini mikononi kumpima. Alikaza meno, hakushtuka.

Alibaki mzee mmoja, daktari anayeheshimika mjini, aliyesema wazi kuwa ni uongo. Sam akakumbuka kwamba siku za nyuma, akiwa kimya pembeni, alimsikia mzee huyo akisimulia juu ya jumba la maonyesho la Richmond lililoungua zamani na kuua watu wengi. Jukwaani akaanza kuuona moto: anautaja, anaeleza watu wanavyoruka madirishani. Mzee akaishiwa nguvu. Tangu hapo hakuna aliyebisha tena mjini.

Baada ya miaka kama 35, Sam akiwa mtu mzima mwenye jina, alimwendea mama yake akaungama kwamba yote yalikuwa maigizo. Bi Jane alikataa katakata. Alishuhudia pini kwa macho yake, na mtoto wa umri ule hawezi kuvumilia pini. Aliapa, akarudia, mama hakutikisika. Clemens akajifunza kwamba kudanganya watu ni kazi nyepesi, ila kuwatoa kwenye uongo waliokwisha kuukubali ni kazi asiyoiweza hata mwongo mwenyewe.

Ndivyo vitabu vyake vilivyompatia mali, hasa kile cha Tom Sawyer cha mwaka 1876. Ila Hannibal ilikuwa na upande mwingine, na ulikuwa ng'ambo ya maji tu.

Missouri iliingia katika Marekani mwaka 1821 ikiwa jimbo la watumwa. Ng'ambo ya Mississippi ilikuwa Illinois, ambako utumwa ulikatazwa. Mto ukawa mpaka, na mpaka ukawa na magendo yake: watu wakijiiba wenyewe kutoka kwa waliowamiliki. Mwaka 1841 wanaume watatu walivuka kutoka Illinois kuwashawishi watumwa watoroke. Walikamatwa, wakafungwa miaka 12 kila mmoja. Hakimu Clemens, babake Sam, alikuwa miongoni mwa raia waliokaa mahakamani na kuwatia hatiani. Mji ulifurahi. Sam alikuwa na miaka mitano.

Hakuna shuleni wala kanisani aliyemwambia kwamba kuna kosa. Alisema baadaye kuwa utotoni hakujua kabisa kwamba utumwa unaweza kupingwa. Wahubiri waliusomea Biblia, magazeti hayakuutaja kwa ubaya. Alikumbuka kuona siku moja watu weusi kama 12, wanaume na wanawake, wamefungwa kwa mnyororo mmoja na kulazwa barabarani, wakingoja kusafirishwa kwenda kuuzwa kusini zaidi. Alisema hajapata kuona nyuso za huzuni kama zile.

Nyumbani kwao kulikuwa na mtoto mtumwa aliyekodishwa, jina lake Sandy. Alikuwa ametolewa mbali, Maryland, akatenganishwa na mama yake. Sandy aliimba, akapiga mbinja, akapiga makelele na kucheka kutwa nzima mpaka Sam akashindwa kuvumilia, akaenda kumshtaki kwa mama anyamazishwe. Bi Jane machozi yalimlengalenga. Akamweleza kwamba mtoto yule akiimba ni dalili kuwa amesahau kidogo, akinyamaza ni kwamba anawaza, na mama yake hatamwona tena. Kelele za Sandy hazikumsumbua tena Sam.

Halafu yale ya mwaka 1847. Ukoo wa Blankenship ulikuwa maskini kuliko wote Hannibal, watu ambao wazazi waliwakataza watoto wasiwasogelee. Kutoka kwao Clemens alimpata Huckleberry Finn. Mfano wake alikuwa kijana Tom. Kaka yake Tom, Benson, alikuwa akivua samaki upande wa Illinois alipomkuta mtumwa aliyetoroka amejificha kwenye kisiwa chenye kinamasi. Kumrudisha kulikuwa na zawadi ya dola 50, fedha ambayo ukoo ule haukuwahi kuishika. Kutomrudisha ilikuwa hatia kisheria na aibu mbele ya mji mzima. Benson hakusema kitu. Kwa wiki kadhaa alimvushia chakula kwa mtumbwi.

Mwishowe wakata kuni walimgundua yule mtu, wakamfukuza, naye akazama. Siku chache baadaye Sam na wenzake walikwenda kule kuvua. Walipokuwa wakivuta magogo, maiti ikaibuka wima mbele yao, nusu nje ya maji. Walikimbia wakidhani inawafuata.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, baba alikuwa amefariki akiacha madeni. Sam akaingia kazini kwa mchapaji, baadaye akahamia gazeti la kaka yake Orion. Orion aliposafiri mwaka 1852 alimwachia gazeti, na hilo lilikuwa kosa. Sam alisikia kwamba mhariri wa gazeti pinzani, kwa kuumizwa na mapenzi, alikwenda kujitosa mtoni usiku, akaingia maji kidogo akabadili nia. Akaiandika habari nzima, akachonga na picha kwa kisu kwenye mbao: mhariri yumo majini na fimbo, anapima kina. Mhariri alikuja juu kutafuta aliyeandika, akamkuta mtoto, akaondoka. Kwa maelezo ya Clemens gazeti lilipata wasomaji wapya 33, ambao walilipa kwa kuni, kabichi na mboga za mizizi ambazo sokoni hazina mnunuzi.

Mwaka 1853 aliondoka Hannibal akiwa na miaka 17. Mengine yajulikana: alifuzu urubani wa meli mwaka 1859, na jina la Mark Twain alilitoa kwenye kilio cha wapima kina cha mtoni, pima mbili, maji ya kutosha kupita. Alitajirika, akafilisika mwaka 1894 kwa kutia fedha kwenye mashine ya uchapaji isiyofanya kazi na kampuni yake ya vitabu kuanguka, akazunguka dunia akihutubia mpaka akalipa kila mdai. Kisheria angeweza kulipa sehemu tu. Kitabu cha Huckleberry Finn, kilichotoka Marekani mwaka 1885, kinamchukua mtoto maskini na mtumwa mtoro na kuwaweka juu ya chelezo mtoni. Cha Benson kimo humo, ingawa kimebadilishwa.

Mwaka 1904 E. D. Morel, Mwingereza aliyegundua kazi ya kulazimishwa ya Kongo kwa kusoma hesabu za meli (mali inaingia Ulaya, bunduki zinarudi, bidhaa za kubadilishana hazipo), alikwenda Marekani na kumwomba Twain aandike. Mwaka uliofuata kijitabu kikatoka, na mapato yake yakawa ya kusaidia watu wa Kongo. Njia aliyotumia ni ileile ya mhariri aliyekosa kuzama: mlengwa haonewi, anawekwa hadharani. Leopold katika maandishi yale anawalaani wamisionari, na zaidi anailaani kamera, kwa kuwa ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Kijitabu kiliuma kiasi kwamba kilijibiwa kwa kijitabu kingine cha kumtetea mfalme.

Ni haki kusema kwamba habari za mpira na mikono iliyokatwa zilitoka zaidi misitu ya ndani ya Kongo. Huku Lado kilichotakiwa kilikuwa pembe za ndovu na njia ya kufikia Nile. Lakini bendera ilikuwa ileile, na mapato yalimfikia mtu yuleyule.

Twain alikwenda Washington kuwashawishi viongozi. Mwaka 1906 alivunjika moyo, baada ya kujua kwamba Marekani haikuwahi kuidhinisha mkataba wa Berlin wa 1885 na hivyo haikujihesabu kuwa na wajibu wowote. Akajitoa. Wengine waliendelea, na mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme Kongo yake.

Leopold alikufa tarehe 17 Desemba 1909. Clemens alimfuata tarehe 21 Aprili 1910, siku moja baada ya nyota ya mkia ya Halley kulikaribia jua. Ndiyo iliyopita alipozaliwa, na alikuwa ametangaza kwamba ataondoka nayo. Mkataba wa Lado uliwapa Wabelgiji miezi sita tangu kifo cha mfalme. Juni 1910 walifunga mizigo, Sudan ikachukua, na mgongo wa nchi unaogawa maji ya Nile na ya Kongo ukawa mpaka. Tarehe 1 Januari 1914 sehemu ya kusini ilihamishiwa Uganda, Logiri ikiwa ndani yake.