Francis Pettit Smith: propela ilikatika nusu, boti ikakimbia zaidi

Wasikilizaji wetu wa Kivinje, Songosongo, Somanga na Mchinga, wengi wenu sasa mmefunga mashine kwenye mashua, upepo ukilala msilale nao baharini. Swali ni lile lile: nifunge propela ya ukubwa gani? Leo tunalijibu kwa maisha ya mtu aliyekutana nalo mapema kabisa.

Francis Pettit Smith alizaliwa mwaka 1808 huko Hythe, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Hakuwa injinia. Alikuwa mfugaji wa kondoo aliyependa kuunda viboti tangu utotoni. Wakati ule meli za mvuke zilisukumwa na magurudumu makubwa ya ubavuni. Bahari ikichafuka, gurudumu moja lilizama mno na la pili likapiga hewa. Mwaka 1835 Smith akaunda kiboti chenye parafujo kwa nyuma, kinachoendeshwa na kamani kama ya saa, akakijaribu bwawani shambani kwake. Mei 1836 akapata hataza. Hakuwa peke yake: wiki chache baadaye Msweden John Ericsson naye alipata ya kwake hapo Uingereza.

Kisha Smith akaunda boti yenye injini ya nguvu farasi 6. Propela yake ilikuwa ya mti, imejiviringisha mizunguko miwili mizima. Februari 1837, kwenye mfereji mmoja London, iligonga kitu majini na nusu yake ikakatika. Badala ya kuzorota, boti ikaongeza mwendo. Propela ndefu ilikuwa inakula nguvu ya injini bure kwa kusuguana na maji.

Mwaka 1839 meli yake ya Archimedes ilianza kazi baharini. Injinia Brunel alipoiona, alibadili mpango wa meli yake kubwa, Great Britain, akaiwekea propela. Jeshi la Maji la Uingereza nalo lilijaribu propela za aina nyingi kwenye meli moja, Rattler. Aprili 1845 Rattler ilifungwa kamba na Alecto, meli ya magurudumu, zivutane. Rattler ikaiburuta mwenzake kinyumenyume kwa zaidi ya maili 2 za bahari kwa saa.

Fedha hazikumfuata. Kampuni yake ilipata hasara, akarudi kwenye kilimo kisiwani Guernsey. Mwaka 1860 akapewa kazi ya kutunza jumba la makumbusho la uvumbuzi London, mwaka 1871 akapewa cheo cha Sir, akafariki mwaka 1874.

Sasa turudi kwetu. Propela huandikwa namba mbili, kwa kawaida kwa inchi: ya kwanza ni upana, ya pili ni umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Pakia mzigo wako wa kawaida, fungua moto wote. Mashine ikishindwa kufikia mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji na ikatoa moshi mweusi, huenda propela ni kubwa mno. Ikipitiliza huku mashua inasuasua, ni ndogo mno. Na ukitweka tanga, propela kubwa hukuburuta nyuma.

Kwa hiyo, nahodha, usinunue kubwa kwa sababu ya jirani. Mashua yake si yako, na mafuta unalipa wewe.