Imam Shafi, Yatima wa Gaza

Ndugu Waislamu, Imam Shafi (Allah amrehemu), ambaye madhehebu yake twayafuata wengi wetu, alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767). Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Nasaba yake ilikuwa ya Kikureshi, lakini nyumbani hamkuwa na kitu. Mama yake akamhamishia Makka, mji wa wanazuoni. Ada hawakuwa nayo. Mwalimu akampokea bure, naye akawasomesha wenziwe. Karatasi hakupata, akaandika juu ya mifupa. Kisha akasoma kwa Imam Malik, Madina. Alifariki Misri mwaka 204 (820).

Akili ni kipawa cha Allah. Lakini bila mama yule na mwalimu yule, tungemjua? Yatima wa mtaani kwenu, nani atamfungulia mlango wa madrasa?

Wabillahi tawfiq.