Okot p'Bitek na Swali la Wenyewe

Mwaka huu kalamu yangu inamwendea mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa Wimbo wa Lawino tu, ule uliotafsiriwa na Paul Sozigwa mwaka wa 1975. Kumbe aliwahi kufanya kazi papa hapa Kisumu, na alikuwa na ugomvi mkubwa juu ya falsafa!

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, Uganda, mwaka wa 1931. Alikuwa mwalimu na mwanakandanda hodari. Mwaka wa 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa. Wenzake waliporudi, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha mila za jamii mbalimbali huko Oxford.

Ugomvi wenyewe ni huu. Katika karne ya 13, mtawa Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kila kinachokwenda kinasukumwa na kingine. Mimi naelewa hivi: mpira unasukumwa na mguu, mguu na mchezaji, na huwezi kurudi nyuma hivyo milele. Lazima awepo Msukumaji wa kwanza, naye ni Mungu. Tena kila kitu kina shabaha, kama mshale, na wema ni tabia inayomsaidia mtu kuifikia shabaha yake. Mengi aliyatoa kwa Aristotle, Mgiriki.

Okot alichokataa ni wataalamu kuivika miungu ya Waafrika kanzu hiyo ya Kigiriki. Alisimulia kwamba mwaka wa 1911 mapadri Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Neno la kuumba halikuwapo katika lugha yao, basi swali likawa nani aliyewafinyanga. Wazee wakashangaa, maana mtu huzaliwa, hafinyangwi! Waliposumbuliwa sana, mmoja akamtaja Rubanga, roho iliyosemekana kupindisha migongo ya watu. Jina hilo likawa la Mungu.

Hapo nilijiona mwenyewe. Katika somo la dini niliwahi kuandika kwamba wazee wetu waliamini Msukumaji wa kwanza, nikapata alama zote. Likizo nikamuuliza nyanya kule Dunga. Akanijibu kwamba Nyasaye ni wa kuombwa. Hayo mengine yeye hajawahi kuyauliza.

Okot alilipa gharama. Baada ya kuondolewa katika uongozi wa jumba la taifa la michezo ya kuigiza Kampala, alikuja Kisumu kuendesha masomo ya watu wazima ya chuo kikuu, na mwaka wa 1968 akaanzisha tamasha la sanaa mjini hapa. Mwaka wa 1970 Oxford waliikataa tasnifu yake ya udaktari. Hakunyamaza. Mwaka wa 1971 akachapisha kitabu juu ya dini ya Waluo wa kati. Alifariki mwaka wa 1982.

Je, nimemtupa Tomaso? La hasha. Kila nionapo mashua ikisukumwa na upepo ziwani, najiuliza upepo nao unasukumwa na nini. Swali lake ni zuri, tena sasa ni langu. Lakini sitaandika tena kwamba nimelipata kwa nyanya.