Mulele, mtu wa Kwilu ambaye jina lake lilifika kwetu

Kyavinyonge, pale mitumbwi inapotoka kuvua samaki kwenye ziwa Edouard, hata mtoto anajua jina la Mai-Mai. Wengi wanajua kama ni mayi tu, maji ya dawa ya kuzuia risasi. Lakini wazee wanaokumbuka mwaka wa 1964 wanajua kama ile kelele ilikuwa na neno la pili: Mai Mulele. Ndivyo Simba walivyolia walipofika Butembo na Beni. Mulele mwenyewe hakuwa nao. Alikuwa porini kule Kwilu, magharibi ya inchi, na huku kwetu hakupigana hata siku moja.

Pierre Mulele alizaliwa kule Kwilu mwaka wa 1929, Mumbunda kwa kabila. Alisoma kwa mapadri, akapita katika Force publique, kisha akawa karani Léopoldville. Pamoja na Gizenga alikuwa kati ya wakubwa wa chama cha PSA, na mwaka wa 1960 Lumumba akamweka waziri wa elimu. Kazi ile haikufikisha miezi mitatu. Mulele akaenda Cairo kusemea serikali ya Stanleyville, na toka kule akafika China kujifunza.

Kisha vita kuu kuisha mwaka wa 1945, wakomunisti walikamata inchi nyingi, lakini si kwa njia moja. Polonia, Romania na Bulgaria, jeshi la Warusi lilikuwa tayari ndani. Chama kikachukua polisi kwanza, kisha kikamaliza vyama vingine kimoja kimoja. China ilikuwa tofauti: Mao alianza na wakulima wa vijiji, akazunguka miji, na mwaka wa 1949 akaingia Beijing. Sisi wakulima tulikuwa nao, Warusi hapana. Mulele akachagua njia ya Mao.

Alirudi kwa siri mwaka wa 1963. Masomo kwanza, vita baadaye: kuheshimu watu, kununua badala ya kunyang'anya, kurudisha kitu ulichoazima. Mwezi wa 1 mwaka wa 1964 wakaanza kupiga, kwa mishale na mapanga. Zile amri hazikuzuia damu: mapadri watatu wa misioni ya Kilembe waliuawa mwezi ule ule. Wambunda na Wapende walimfuata, makabila mengine ya jirani sana sana yalikataa, na silaha hazikuwa na njia ya kuingilia.

Huku mashariki ilikuwa kinyume. Watu wa Soumialot na Olenga walikamata miji haraka, hata Stanleyville, lakini masomo ya Mulele hawakuyapata. Walichukua jina tu, wakalitia ndani ya dawa.

Mwaka wa 1968, kisha miaka mitano ya pori, Mulele alivuka mpaka Brazzaville. Waziri Bomboko akaja kumchukua, na ahadi ya Mobutu kama amesamehewa. Kinshasa walimpokea kwa karamu. Siku chache tu, mwanzo wa mwezi wa 10, askari wakamkamata, wakamkata viungo angali hai, mwili wakautupa mtoni. Brazzaville ikavunja urafiki na Kinshasa kwa hasira. Kaburi la Mulele haliko, si Kwilu, si pengine.