René Laennec: Tabibu Aliyeyatega Sikio Mapafu ya Wagonjwa

Katika historia ya Kanisa wamekuwapo waamini walei ambao hawakuweka nadhiri wala kupanda altareni, lakini waliifanya kazi ya mikono yao kuwa njia ya kumtumikia Mungu katika wagonjwa. Mmoja wao ni René Laennec, tabibu Mfaransa. Wengi humfahamu kama mvumbuzi wa stetoskopu, kile chombo ambacho daktari huning'iniza shingoni. Lisilofahamika sana ni kwamba aliitoa miaka yake bora kwa ajili ya watu wenye maradhi ya muda mrefu ya kifua, naye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 huko Quimper, katika jimbo la Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka mitano alifiwa na mama yake. Muda si mrefu alipelekwa mjini Nantes kulelewa na baba yake mdogo, ambaye alikuwa daktari, na hapo ndipo alipovutwa na uganga katikati ya misukosuko ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1801 alikwenda Paris kusoma katika hospitali ya Charité chini ya Corvisart, bingwa wa magonjwa ya moyo, na mwaka 1804 akahitimu udaktari. Katika miaka hiyohiyo, wakati wasomi wengi waliona dini kuwa mambo ya kale, yeye aliirudia imani yake kwa moyo wote na kuishika hadi kufa.

Imani hiyo ilionekana kwa matendo. Mwaka 1814, vita vya Napoleon vilipojaza hospitali za Paris majeruhi na wagonjwa, Laennec aliwahangaikia askari vijana waliotoka kwao Bretagne. Wengi wao hawakujua Kifaransa. Alifanya mpango wawekwe pamoja, akawahudumia kwa lugha yao ya Kibretoni. Alitambua kwamba mgonjwa asiyeeleweka ni mgonjwa aliyeachwa peke yake.

Mwaka 1816 alianza kazi katika hospitali ya Necker. Siku moja aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa mnene, kumgongagonga kifuani kwa vidole hakukufaa, na heshima haikuruhusu tabibu amwekee sikio kifuani. Laennec akakumbuka kwamba mkwaruzo mdogo kwenye ncha moja ya gogo husikika vizuri kwa mtu aliyetega sikio kwenye ncha ya pili. Alikunja karatasi zikawa mrija, akauweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Akastaajabu kusikia mapigo ya moyo waziwazi kuliko alivyowahi kuyasikia. Baadaye alichonga mrija wa mti kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa fundi hodari wa kukereza mbao.

Hata hivyo, mrija ule usingefaa kitu bila subira ya mtu aliyeushika. Kwa muda wa miaka mitatu alizunguka kitanda hadi kitanda, akisikiliza pumzi, sauti na kikohozi, na kuandika kila alichosikia. Mgonjwa alipofariki, alichunguza maiti na kulinganisha hali ya mapafu na sauti alizokuwa amezisikia. Matunda ya kazi hiyo yalitolewa mwaka 1819 katika kitabu cha juzuu mbili.

Kabla yake, magonjwa mengi ya kifua yalichanganywa pamoja. Laennec aliyatenganisha. Alieleza kutanuka kwa mirija ya hewa, ambako humfanya mtu akohoe makohozi mengi kwa miaka. Alieleza pia emfisema, ambayo hunasa hewa ndani ya mapafu: alipofungua kifua cha marehemu, mapafu hayo hayakunywea kama mengine bali yalibaki yamejaa. Wataalamu wanaohudumia wagonjwa wa magonjwa sugu ya mapafu leo wanajenga juu ya msingi huo.

Kazi hiyo ilimgharimu. Kifua kikuu kilikuwa kimemchukua mdogo wake mwaka 1810 na rafiki yake wa karibu, daktari Bayle, mwaka 1816. Mara baada ya kutoa kitabu chake, afya yake ilidhoofika, akalazimika kurudi Bretagne kupumzika. Alirejea Paris, na kuanzia mwaka 1822 akafundisha vijana waliotoka nchi mbalimbali, huku akipingwa vikali na Broussais, tabibu mashuhuri aliyetegemea sana kuwatoa wagonjwa damu. Mwaka 1826 alitoa toleo la pili la kitabu chake, tayari akiwa mahututi. Binamu yake Mériadec, ambaye naye alikuwa tabibu, alimpima kwa chombo kilekile, na sauti zilizosikika zilikuwa zile ambazo Laennec alikuwa ameufundisha ulimwengu kuzitambua. Alifariki dunia tarehe 13 Agosti 1826 nyumbani kwake Bretagne, akiwa na umri wa miaka 45.

Mpendwa msomaji, Laennec hakuwa na dawa ya kuponya kifua kikuu. Ilipatikana zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake. Wala mapafu yaliyoharibiwa na emfisema hayarudi katika hali yake ya mwanzo hata leo. Lakini alikataa kuamini kwamba asiyeponyeka hana haja ya kusikilizwa. Hata sasa, anayekohoa miaka mingi hudhaniwa upesi kuwa na kifua kikuu na pengine huepukwa na jirani zake, kumbe huenda ni moshi wa kuni jikoni au wa sigara uliomharibu mapafu. Anahitaji kupelekwa akapimwe, ili ugonjwa wake ujulikane kwa jina lake na apate huduma inayomfaa. Zaidi ya hayo, anahitaji mtu atakayeketi karibu naye, asikimbilie kuondoka, na kumngoja amalize sentensi yake hata pumzi inapomkatika.