Mchezaji Mashuhuri na Mpagazi Asiye na Jina

Katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam amelazwa askari aitwaye Jackie Morkel. Wasomaji wetu wa Bariadi, ambako mpira ni ule wa miguu, pengine hawajapata kulisikia jina hilo. Lakini kwao Afrika Kusini lilivuma sana. Yafaa tueleze habari zake, maana zatuhusu.

Morkel alizaliwa Somerset West, katika jimbo la Cape, mwaka 1890. Mchezo wake ulikuwa raga, ambao mpira wake una umbo la yai na hukimbizwa mikononi. Mwaka 1912 alichaguliwa kwenda Ulaya na timu ya nchi yake, pamoja na watatu wengine wa ukoo wa Morkel. Waliishinda Scotland, Ireland, Wales, Uingereza na Ufaransa. Alicheza mapambano yote matano. Walipoifunga Ireland 38 kwa 0, yeye alifunga mara mbili. Wala tusifiche kwamba timu hiyo ilikuwa ya wazungu peke yao, ikabaki hivyo hadi mwaka 1981.

Vita Kuu ilipozuka aliingia jeshini, askari wa kawaida wa farasi, katika kikosi cha wapelelezi wa Jenerali van Deventer. Aprili 1916, masika yakinyesha, jeshi hilo lilifika Kondoa. Farasi walikufa kwa wingi, chakula kilichelewa, askari wakashikwa na homa na kuhara damu. Kuhara damu ndiko kulikomwua Morkel tarehe 15 Mei 1916, akiwa na miaka 25. Hakuuawa kwa risasi.

Ugonjwa huohuo uliwaua wapagazi. Wajerumani na Waingereza, kila upande kwa zamu yake, walichukua watu Usukuma kubeba mizigo ya vita. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wahesabiwa kupita 40,000, na wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Hatumwonei Morkel wivu kwa jiwe lake. Twasema tu kwamba aliyebeba unga wa askari naye alifanya kazi, na mfanyakazi astahili kukumbukwa kwa jina lake. Wazee waliorudi kutoka vita ile wamekwisha fariki, lakini majina yangalimo katika koo zetu. Ndugu wa Bariadi, Maswa na Meatu, aliye na jina la babu yake aliyechukuliwa upagazi na aliandike leo, kabla halijasahauliwa.